Nani Anashika Daftari?

Aprili 2025, wasichana wa Butere walipanda jukwaani kule Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Tamthilia yao, Echoes of War, hawakuiigiza. Mwandishi wake, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nje kulikuwa na polisi na vitoza machozi, na hii ni baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuigiza. Sisi huku Kiembeni tuliiona klipu kwenye simu, tukaitumiana, na kila mtu akawa na lake la kusema kuhusu serikali.

Mimi niliganda kwenye jambo jingine. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, aliuliza kwa nini mtu ambaye si mwalimu anahusika na mchezo wa shule. Tulimcheka, na alistahili kuchekwa, maana huwezi kuuliza swali kama hilo huku umewazingira watoto kwa polisi. Lakini swali lenyewe mbona halikuulizwa zamani? Shule nyingi zinazotaka kupita kaunti ndogo, kaunti na kanda hadi kufika kitaifa huleta mwandishi au mwelekezi kutoka nje na kumlipa. Malala huyo huyo ndiye aliyeandika Shackles of Doom, ya Butere hao hao, iliyopigwa marufuku mwaka wa 2013 kisha mahakama ikairudisha jukwaani. Kikombe kikija shuleni, hakuna anayeuliza nani si mwalimu. Na hakuna kabisa anayeuliza mbona aliyeandika si mwanafunzi.

Nalisema hili kwa sababu nimekaa pande zote mbili.

Nilipokuwa fom tatu, shule moja ya kutwa upande huu wa Kisauni, tulikuwa tunasoma Kigogo ya Pauline Kea. Kuna vikundi huzunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani. Unalipa, unakaa chini, unacheka, unarudi darasani. Wengi wetu hatukuwa na hela ya kulipa. Tukasema basi tutaigiza wenyewe. Mlezi wa klabu alikuwepo, ila kwetu alikuwa sahihi tu: tulimpelekea karatasi, akatia saini, akarudi kusahihisha vitabu vyake. Wallahi ndiyo zawadi kubwa kuliko zote nilizopata pale shuleni.

Kwanza tulichagua mwenyekiti. Kosa. Mwenyekiti akajipa nafasi ya Majoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Sote tulitaka ukubwa. Hakuna aliyetaka kuwa mchuuzi wa soko la Chapakazi, ilhali bila wachuuzi hakuna soko, na bila soko Majoka anamfungia nani? Wiki mbili tuligombana kama Sagamoyo yenyewe.

Aliyetuokoa ni dada mmoja aliyekuwa hataki kuigiza chochote. Tulimwita Mama Daftari. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita na kuandika mambo ambayo sisi tuliyaona madogo. Nani anaenda madrasa Jumamosi na saa ngapi anatoka. Nani lazima awe kwao kabla ya magharibi, kwa sababu mzazi wa Kisauni hataki mtoto njiani giza likiingia. Kutoka hapo akapata ratiba: mapumziko ya mchana siku tatu, na Ijumaa baada ya swala, ambapo mapumziko ni marefu. Akaweka sheria ya kivuli. Kila mhusika mkubwa alikuwa na mtu wa pili aliyejifunza maneno yale yale na kukaa pembeni na kitabu, akimkumbusha anaposahau. Ukikosa mazoezi mara tatu, kivuli anaingia na wewe unakuwa mchuuzi.

Mwenyekiti alikosa mara tatu. Kivuli wake, kijana mfupi mwenye sauti ya chini kabisa, akawa Majoka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba dikteta akinong'ona anatisha zaidi. Hakuna mtu mzima aliyetuonyesha hilo. Lilitokea kwa sababu ya sheria ya daftari.

Tuliigiza mara mbili chini ya mwembe, leso za mama zetu zikiwa vibanda vya soko. Haikuwa nzuri sana, niseme ukweli. Tunu alisahau ukurasa mzima, na mtu wa pembeni akawa anamtilia maneno hadi watoto wa fom wani wakaanza kumshangilia huyo wa pembeni. Lakini ukimuuliza yeyote kati yetu kwa nini mhusika fulani amesimama kushoto, alikuwa na jibu. Tulishagombana juu ya hiyo kushoto.

Mwaka uliofuata shule ikaamua kwenda tamashani kwa nguvu. Nilikuwa nimeandika mchezo wangu, wa kivukoni, kurasa kumi na moja. Ulisomwa? Sijui. Alikuja bwana mmoja na skripti iliyokamilika, akagawa nafasi siku ya kwanza, akatufundisha ile sauti. Mnaijua. Kila sentensi inamalizika juu, mkono umeelekezwa darini, macho yametoka. Ukitazama michezo sita ya tamasha mfululizo utadhani Wakenya wote hulia na kucheka kwa mkono mmoja. Sheria ya kivuli ikafa. Mama Daftari akapewa kazi ya kuhesabu nguo. Tulifika kaunti tukarudi, na kwenye orodha ya washiriki jina langu lilikuwa "askari wa pili".

Sasa mtu ataniambia watoto hawawezi kuandika, wanahitaji mtaalamu. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo utetezi wa wataalamu nimeshahubiriwa sana.) Sikatai mtaalamu. Nauliza anaingia vipi. Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wataalamu kweli kweli. Lakini walileta rasimu. Mazoezi yalifanywa wazi, wanakijiji wakisimama na kukosoa, hadi lugha aliyopewa mzee kwenye mchezo, kwamba mzee haongei hivyo. Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa wiki chache tu kabla ya leseni kuondolewa, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Alikaa karibu mwaka mzima ndani. Tukikumbuka kisa hiki huwa tunakumbuka jela. Mimi naona somo la klabu zetu liko kwenye mazoezi: mkulima alikuwa na haki ya kufuta mstari wa profesa.

Kwenye klabu ya shule haki hiyo iko wapi? Mwandishi wa kulipwa analeta mchezo, walimu wanauchunguza, waamuzi wanautia alama, na siku hizi waziri naye ana maoni. Mwanafunzi amebakiwa na kukariri. Ndiyo maana hoja ya serikali dhidi ya Butere ilipata pa kushika. Kama wasichana wangekuwa wameandika hata nusu ya mchezo ule, na inajulikana hivyo, nani angethubutu kusema wanatumiwa na mwanasiasa? Tuliowatetea tulisema ni sauti yao, huku mwandishi akiwa aliyekuwa seneta na katibu mkuu wa chama kilichoko madarakani. Niliposti hivyo mimi mwenyewe. Ilinikera hata nilipokuwa naandika.

Halafu narudi kwenye ile klipu, na hoja yangu inaanza kuyumba. Kwa sababu siku ile mwandishi hakuwepo. Mwelekezi wao hakuwepo. Mapambo hayakuwepo, vyombo vya sauti havikuwepo, watazamaji hawakuwepo. Kila kilicholetwa na watu wazima kilikuwa kimeondolewa, wakabaki wao na sare zao. Nimeitazama mara nyingi na siangalii polisi. Namtafuta aliyeanzisha wimbo. Lazima kuna mmoja aliyevuta sauti ya kwanza, wenzake wakadakia. Kwaya haianzi yenyewe. Narudisha nyuma, naangalia midomo, nasogeza skrini karibu. Simwoni. Ama wameanza pamoja, ama kamera imechelewa.