Furaha, Kuridhika na Utulivu wa Moyo: Uhakiki wa Lugha Inayopimia Athari za Fedha

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna neno 'furaha' linavyotumiwa katika Kiswahili kueleza matokeo ya tafiti kuhusu fedha na hali ya maisha. Hoja yetu ni kwamba neno hilo limebebeshwa dhana tatu ambazo Kiswahili chenyewe huzitenga: furaha, kuridhika na utulivu wa moyo. Kwa kuwa fedha huathiri kila dhana kwa njia yake, kuzichanganya kunaweza kumpotosha mtunga sera.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2018 Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Burundi nafasi ya 156 kati ya nchi 156. Rwanda ilikuwa ya 151 na Tanzania ya 153. Habari ya namna hiyo ikitolewa kwa Kiswahili, husikika hivi: Warundi ndio watu wasio na furaha kuliko wote duniani. Msikilizaji wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, aliyekesha arusini usiku uliopita, huicheka na kuipuuza. Mshauri wa sera huipokea kama ilivyo na kuinukuu. Wote wawili wamepotoshwa na neno moja.

2.0 Neno Lisiloulizwa

Nafasi za nchi katika ripoti hiyo hutokana na swali lenye asili katika kazi ya Hadley Cantril (1965). Mhojiwa huombwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Kidato cha juu ni maisha bora kabisa anayoweza kuyapata yeye. Cha chini ni maisha mabaya kabisa. Kisha huulizwa amesimama kwenye kidato kipi. Neno 'furaha' halimo katika swali hilo. Kinachopimwa ni tathmini ya mtu kuhusu maisha yake, nayo ina uhusiano mkubwa na kipato.

Taswira ya ngazi nayo ina athari zake. Nilsson na wenzake (2024), waliowachunguza watu wazima nchini Uingereza, walibaini kuwa ngazi iliwafanya wahojiwa wawaze zaidi mamlaka na utajiri. Katika Kiswahili, taswira hiyo ina historia yake. Kupanda ngazi ni kupata cheo, na methali zetu humtazama mpandaji kwa tahadhari: mpanda ngazi hushuka, aliye juu mngoje chini. Huenda basi anayeombwa kutaja kidato chake akahisi kwamba anaulizwa pia kuhusu majivuno yake.

3.0 Kukosa Huzuni si Kufurahi

Kahneman na Deaton (2010) walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya wakazi wa Marekani. Walihitimisha kuwa tathmini ya maisha hupanda kadiri kipato kinavyopanda, lakini hisia za kila siku haziendelei kuboreka kipato cha mwaka kikipita takriban dola 75,000. Killingsworth (2021) aliwapinga kwa kuonyesha kwamba hisia nazo huendelea kupanda. Mwaka 2023, Killingsworth na Kahneman walishirikiana na Mellers kuutatua mgogoro huo.

Suluhu yao inamhusu moja kwa moja mtafiti wa lugha. Walieleza kuwa maswali ya mwaka 2010 yaliweza kuwatenga wenye huzuni nyingi na wenye huzuni kidogo, lakini hayakuweza kuwatenga wenye furaha na wenye furaha zaidi, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kufika kileleni mwa kipimo. Kwa maneno mengine, kilichopimwa vyema kilikuwa upungufu wa huzuni, ila kilipewa jina la furaha. Kwa walio na huzuni zaidi, fedha ilipunguza dhiki hadi kiwango fulani tu. Kwa walio wengi, furaha iliendelea kuongezeka pamoja na kipato.

Matumizi ya kawaida ya Kiswahili yangeweza kutoa tahadhari mapema. Kuhusu mtu aliyemaliza deni, husemwa zaidi kwamba ametua mzigo na moyo wake umetulia kuliko kwamba amefurahi. Mama aliyelipa karo ya muhula si lazima apige vigelegele, analala usingizi. Usingizi huo ni faida halisi ya fedha, na hauonekani katika kipimo kinachotafuta kicheko.

4.0 Kuridhika Mbele ya Jirani

Mfano wa karibu unatoka Rarieda, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilitoa fedha bila masharti kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Haushofer na Shapiro (2016) walionyesha kuwa hali ya kinafsi ya wapokeaji iliboreka. Hata hivyo, Haushofer, Reisinger na Shapiro (2015) walikuwa wamebaini jambo jingine: majirani walipotajirika, kuridhika na maisha kulipungua, hasa kwa wale ambao hawakupewa chochote. Athari hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Baadaye, utafiti mkubwa zaidi wa Egger na wenzake (2022) katika kaunti hiyohiyo ulionyesha kuwa hata kaya zisizopewa fedha ziliongeza matumizi yao.

Matokeo haya hayapingani iwapo kila jambo litaitwa kwa jina lake, kwa kuwa matumizi ni kitu kimoja na kuridhika ni kingine. Mshauri akiandika kwamba fedha ilipunguza 'furaha ya kijiji', anampa waziri sababu ya kufuta mpango. Akiandika kwamba wasiopewa walijilinganisha na waliopewa, anamwelekeza kutafakari namna ya kuwachagua wanufaika na kuwaeleza majirani sababu za uchaguzi huo. Tofauti ya maneno hapa ni tofauti ya uamuzi.

5.0 Adabu ya Kujibu

Kuna tatizo la ndani zaidi. Katika Kiswahili, kuridhika ni hali na pia ni fadhila. Asiyeridhika hushukiwa kuwa na tamaa. Aidha, maamkizi yetu yana utaratibu wake. Anayeulizwa hali hujibu kwanza kuwa ni njema, ndipo huongeza: ila mtoto anaumwa, ila kodi ya nyumba haijapatikana. Hojaji inayouliza "Je, umeridhika na maisha?" hupokea nusu ya kwanza ya jibu na kufunga daftari kabla ya neno 'ila'.

Jibu la "namshukuru Mungu" likigeuzwa kuwa tarakimu, laweza kutumiwa kama ushahidi kwamba maskini ametosheka. Kauli kwamba fedha si kila kitu ni ya kweli, lakini husemwa kwa wepesi zaidi na aliyekwisha kula.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi za uwanja huu, ili tathmini ya maisha, kuridhika, furaha na utulivu wa moyo visitafsiriwe kwa neno moja. Pili, hojaji zipime utulivu kwa mambo yanayotajika bila aibu: je, katika siku saba zilizopita, fikra za deni, karo au chakula zilikunyima usingizi? Tatu, mhoji aelekezwe kusubiri 'ila' na kuiandika.

Fedha haimpi kila mtu furaha, na Kiswahili hakijawahi kudai hivyo. Humwondolea mtu aina fulani za hofu, na hofu hizo zina majina. Sera isiyoyajua majina hayo haitatambua ni lini imefaulu.