Simba Ana Jina, Marehemu Je?

Born Free ya Joy Adamson niliinunua kwa wauza vitabu vya mtumba Nairobi, wiki ileile niliyoacha chuo. Niliisomea nyumbani Bulla Pesa, nikimtafsiria babu kidogo kidogo. Ilitoka 1960, na inaanzia hapa kwetu: George, mumewe Joy, alikuwa bwana nyama mkuu, makao yake Isiolo.

Simba amemuua Mborana. George anaenda kumsaka, na katika msako huo, Februari 1956, simba jike anapigwa risasi. Watoto wake watatu wanachukuliwa. Mdogo wao ndiye Elsa.

Babu akanikatiza. "Na yule marehemu? Mwana wa nani?"

Nikarudi nyuma, nikatafuta. Hana jina.

Ningependa kusema kitabu ni kibovu, tumalizane. Si kibovu. Joy anajua kutazama: Elsa akicheza, akiogopa, akijifunza kuwinda, unamwona kabisa. Wala hakuwafuta watu wote. Nuru, mtunza simba, ana jina, na Makedde pia. Lakini angalia wanavyoingia: wanabeba, wanalinda, wanafuata. Kila mtu yuko kazini. Hakuna aliye nyumbani kwake.

Na pesa? Joy alitumia mapato ya vitabu vyake kuhifadhi wanyama, na Meru, alikozikwa Elsa 1961, ilifaidika. Huo ndio utalii wa kurejesha, kabla haujapewa jina: hadithi inaleta mgeni, mgeni analeta doo, doo inaponya ardhi. Matangazo ya leo ya kambi za kaskazini ni wajukuu wa Born Free. Tembo ana jina na historia ya familia. Mchungaji ni shuka jekundu kwa mbali, jua likizama.

Mtu atasema hayo ni maneno ya vitabuni tu. Hapana bana. Januari 2025, mahakama iliamua kwamba hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa, hapa hapa Isiolo, ilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Wenyeji ndio walioshtaki. Swali lao halikuwa mbali na la babu: na sisi ni nani katika hadithi hii?

Inawezekana kuisimulia vingine. Il Ngwesi, upande wa Laikipia, Wamasai walifungua kambi yao 1996 kwenye ardhi yao wenyewe. Si paradiso, lakini pale mgeni anabisha hodi, na mwenye nyumba yupo wa kumjibu karibu. Kwangu hicho ndicho kipimo cha utalii unaodai kurejesha, kuliko hesabu ya miti na vifaru.

Born Free isome, haitakuboesha. Ila ukifika pale mwanzo, usimruke marehemu haraka umkimbilie simba. Babu bado anauliza alikuwa mwana wa nani, na mimi sina la kumjibu.