Picha ya Barua si Barua

Mpwa wangu ana ualbino. Nalitaja hilo mapema, si kwa kumtafutia huruma, maana hana haja nayo, bali kwa sababu bila ya kulijua msomaji hataelewa kwa nini tangazo moja la kazi, lililowekwa kwenye tovuti ya ofisi ambayo sitaitaja, lilinikosesha usingizi.

Alikuja kwangu hapa Shinyanga asubuhi moja, simu ameisogeza karibu na pua kama afanyavyo siku zote. Wengi hudhani kwamba ualbino ni jambo la ngozi tu. La hasha. Macho nayo huona kwa shida, aghalabu huchezacheza bila kutulia, na mwanga mkali huyaumiza. Wala miwani haiyafanyi yakawa sawasawa na ya wengine. Kijana huyu amesoma hivyo hivyo mpaka akamaliza chuo. "Mjomba," akaniambia, "kazi imetangazwa, lakini mimi siwezi kulisoma tangazo lao."

Nikaitazama ile tovuti. Kwa mtu mwenye macho mazima ilikuwa nzuri. Juu palikuwa na picha kubwa zilizopishana zenyewe: mkubwa akikata utepe, mkubwa akipokea shada la maua, mkubwa akipanda mti. Chini yake maneno ya rangi ya kijivu hafifu juu ya weupe. Tangazo lenyewe halikuwa maandishi. Ilikuwa barua iliyochapwa, ikatiwa sahihi, ikapigwa mhuri, kisha ikapigwa picha kwa mashine, tena imepinda kidogo upande mmoja. Mpwa wangu alipoikuza, herufi zilivunjika zikawa ukungu, na kila mstari ukakimbilia nje ya kioo. Alipoiagiza simu imsomee, maana simu za siku hizi zina programu ya kusoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo, ilitaja jina la faili, ikanyamaza. Simu haikuwa na kosa. Programu ile ilitafuta herufi, na pale hapakuwa na herufi hata moja. Palikuwa na picha tu.

Tumezoea kuhakiki vitabu, ngoma na michezo ya kuigiza. Tovuti nayo ni kazi ya mikono ya watu, kwa hiyo yafaa ihakikiwe. Swali la kwanza si kama inapendeza, kwani wahenga walikwisha kutuonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Swali la kwanza ni hili: imetengenezwa kwa ajili ya nani? Ile niliyoiona ilitengenezwa kwa ajili ya yule aliyetia sahihi. Akiifungua ataona sura yake na mhuri wake, naye ataridhika. Mwombaji wa kazi hakufikiriwa.

Wala mambo haya si mageni. Mwezi Mei 1999, mwaka mmoja kabla ya mgodi mkubwa wa Geita kuanza kutoa dhahabu, shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee, mtu aliyeibuni wavuti yenyewe, lilitoa mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote. Toleo la pili, la Desemba 2008, lilitaja hata vipimo: maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Picha yenye maana ielezwe kwa maneno. Ukurasa utaje lugha yake. Hili la mwisho laonekana dogo, lakini ukurasa wa Kiswahili usiojitambulisha kuwa ni wa Kiswahili huweza kusomwa na simu kwa matamshi ya Kiingereza, na maneno "maombi yatumwe" yakatoka kama ya mgeni aliyeshuka jana.

Nchi yetu nayo haikubaki nyuma kwa karatasi. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti kwa jina. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo tunachokosa si sheria wala maarifa.

Nimewahi kumweleza haya karani mmoja, akanijibu kwamba bila mhuri watu watadhani tangazo ni la matapeli. Hoja hiyo naiheshimu, kwani matapeli wapo, na wanawala zaidi wenye njaa ya kazi. Lakini ni nani aliyekataza kuweka vyote viwili? Maandishi yawekwe yasomwe, na picha yenye mhuri iwekwe kando yake kwa atakaye kuhakikisha.

Tena mfano mwema tunao. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani kwa miaka mingi zimekuwa majedwali ya maandishi matupu, hazina urembo wowote, na wapo wanaozicheka. Mpwa wangu aliyakuza matokeo yake ya kidato cha nne, akayasoma mwenyewe, akafurahi peke yake kabla ya kutuambia sisi. Urembo gani unashinda huo?

Wala mtu asidhani kwamba nawatetea wachache. Nenda machimboni Geita saa saba mchana. Leseni za uchimbaji mdogo siku hizi huombwa kwa mtandao, na mwenye duara anayezifuatilia ana macho mazima. Lakini chini ya jua lile herufi za kijivu humtoweka yeye kama zinavyomtoweka mpwa wangu. Aliyesimama miaka mingi kando ya karasha masikio yamekuwa mazito, naye akiwekewa video isiyo na maandishi chini yake haambulii kitu. Na zile picha zinazopishana zinakula bando la wote, wanaoona na wasioona.

Hata hivyo, kilichonikosesha usingizi si jua wala bando. Jana yake, kabla ya kuja kwangu, mpwa wangu alikuwa amekwenda steshenari. Kijana wa pale alimsomea tangazo kwa sauti mbele ya wateja, kisha akaanza kumjazia fomu, akiuliza na kurudia kila jibu: jina, kijiji alikozaliwa, mtaa anaokaa, namba ya simu. Watu wakasikiliza. Mpwa wangu akaomba samahani, akaondoka fomu ikiwa nusu.

Asiye wa huku aweza kumwona mwoga. Lakini katika mwaka 2007 na 2008, na hata baadaye, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Watoto walitolewa makwao, wakatunzwa penye ulinzi katika shule kama Buhangija, hapa hapa Shinyanga. Mpwa wangu alikuwa mtoto miaka hiyo. Aliniambia, "Mjomba, kazi naweza kuikosa, hilo si neno. Lakini watu nisiowajua sasa wanajua ninapolala."

Nikaichukua ile barua, nikaichapa upya neno kwa neno. Mimi huchapa kwa vidole viwili, na haikunichukua nusu saa. Nilipomtumia, simu yake ikaisoma yote, na fomu akaijaza mwenyewe chumbani kwake, mlango ameufunga.

Nilipokuwa nachapa ndipo likanijia jambo ambalo halijanitoka. Barua ile ilichapwa kwenye kompyuta kabla ya kupigwa picha. Maandishi ambayo mpwa wangu aliyahitaji yalikuwapo tangu mwanzo, mezani kwa karani. Ofisi haikushindwa kuyatoa. Ilijisumbua kuyaondoa.