Umeshika Mzizi

"Ukikamatwa, Mjomba, sema wameshika mzizi."

Ndivyo mpwa wangu wa miaka sita alivyonijibu nilipomuuliza swali ambalo wengi wetu tuliulizwa shuleni: hadithi hii inatufundisha nini? Nilikuwa nimemsimulia jinsi Simba alivyomfumania Sungura akiiba asali yake, akamdaka mguu. Sungura akacheka: "Umeshika mzizi!" Simba akaachia, mwizi akatokomea. Mimi nilingoja "wizi ni mbaya". Siku tatu baadaye kikombe cha mama yake kikavunjika, na aliyesingiziwa ni paka.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma Émile, kitabu cha Jean-Jacques Rousseau cha mwaka 1762. Katika sehemu ya pili anaichambua, karibu mstari kwa mstari, ngano ya La Fontaine kuhusu kunguru na mbweha. Mbweha anammwagia kunguru sifa mpaka anafungua mdomo na kudondosha jibini. Watu wazima hudhani mtoto atajifunza kujihadhari na wenye ndimi tamu. Rousseau anasema sivyo: mtoto humcheka kunguru, akampenda mbweha. Basi ngano zisubiri mpaka akue.

Kuhusu watoto, amepatia. Dawa yake ndiyo siikubali. Ili kumfundisha Émile maana ya mali, mlezi wake anamwacha apande maharage kwenye shamba ambalo mtunza bustani alikwisha kulipanda matikiti. Maharage yanang'olewa, mtoto analia, somo linaeleweka. Lakini nani mbweha hapo? Rousseau anamfukuza mjanja hadithini, kisha anamkabidhi mtoto kwa mjanja mwenye mamlaka, ambaye mtoto hawezi hata kumcheka.

Sungura angalau tunamwona. Tunaweza kumrudia na kumhoji. Kosa langu halikuwa kumsimulia mtoto hadithi. Ni kuidai funzo kabla haijapoa, kana kwamba maadili ni jibu la mtihani.

Kwa hiyo nilimsimulia tena, nikabadilisha swali.

"Asali ilikuwa ya nani?"

"Ya Simba."

"Alipofika nyumbani, alikula nini?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilijizuia kumsaidia, na haikuwa rahisi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikumtuma:

"Mjomba, kwani paka alipigwa?"