Kipupwe cha Newala: Namna ya Kulipima Ua la Mkorosho

Mgeni anayefika Newala mwezi Julai hupelekwa kwanza Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, akatazame bonde la Ruvuma na upande wa Msumbiji. Mandhari hayo yanastahili sifa zake. Ila mwenyeji anayekijua kipupwe humtoa huko mapema na kumwingiza chini ya mikorosho, maana uzuri wa msimu huu unaonekana kwa kusogeza uso karibu na tawi.

Kati ya Juni na Agosti mikorosho ya Masasi, Newala na bonde la Lukuledi huchipua na kutoa maua. Ukaguzi ufanyike kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukiwa umeanza kukauka na nyuki wamefika.

Majani ndiyo ya kwanza. Chipukizi lenye afya huwa na wekundu wa hudhurungi na hung'aa juani kabla ya kugeuka kijani. Likikunjamana, tawi hilo lina shida.

Kisha shada. Ua moja ni dogo, lina petali tano nyembamba zilizopinda kwa nyuma. Likifunguka huwa jeupe. Baadaye huingia mistari ya waridi, na mwisho huiva wekundu. Shada bora hubeba rangi zote hizo kwa pamoja, kwani maua yake hufunguka kwa zamu, na harufu yake tamu humfikia mtu kabla hajaligusa. Asiyejua hushtuka akiona mamia ya maua yamezaa korosho chache tu. Ndivyo ulivyo mkorosho: maua mengi ni ya kiume, na yenye jinsia zote mbili, ambayo ndiyo yanayozaa, ni machache. Maajabu mengine hufuata: korosho hutangulia kukua, ikaning'inia peke yake ikiwa ya kijani, ndipo bibo huvimba nyuma yake.

Ukungu wa asubuhi humpendeza mpiga picha, lakini humnyima mkulima usingizi. Baridi na unyevu hukuza ubwiriunga, kuvu inayofunika machipukizi na maua kwa vumbi jeupe la kijivu. Ua lililoshikwa hukauka na kudondoka bila kufunguka. Ugonjwa huu ulienea kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati zao lilikuwa limekwisha kuyumbishwa na bei duni na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao. Tanzania iliyokusanya takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Hadi leo salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukisaidia unga kunata.

Mkaguzi mzoefu hutafuta pia viota vya sisimizi waitwao majimoto, majani mabichi yaliyoshonwa kwa nyuzi za mabuu wao. Wanauma kwelikweli, lakini huwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi hadi yakakauka. Mti wenye viota hivyo upewe alama ya juu.

Anayetaka kujifunza asianzie kwenye maua ya kileleni yanayovutia macho. Ainame, apenye ndani ya mti na kukagua machipukizi ya kivulini karibu na shina, kwa sababu ubwiriunga hujificha humo msimu hadi msimu. Yakiwa safi, shada la juu lina nafasi nzuri ya kuzaa.