Wino Mwekundu

Mjukuu wangu, asomaye kompyuta, amenieleza habari za Cornell Program Synthesizer, chombo cha kuandikia programu kilichobuniwa Marekani na Tim Teitelbaum na Thomas Reps, wakakieleza katika makala yao ya 1981. Mwanafunzi alitoa amri, na kauli nzima ya lugha ya programu ikatokea kwenye skrini, yenye nafasi za kujaza. Maneno ya kauli hayakufutika moja moja. Kuibadili kulitaka kuing'oa nzima. Kosa la muundo lilizuiwa mlangoni.

Ualimu wangu ulishangilia. Hata hivyo Tree-sitter, iliyoingizwa mwaka 2018 katika chombo kiitwacho Atom, naiona bora. Humwacha mtu aandike, na kauli ikiwa bado imevunjika, huendelea kuzitambua sehemu zilizo nzima.

Mimi chuoni nilikuwa wa kundi lile la kwanza. Kwa kosa moja niliikata sentensi nzima kwa wino mwekundu. Mwanachuo mmoja, aliyeanza na insha za kurasa nne, alimaliza mwaka akiniletea sentensi fupifupi, zisizo na kosa wala wazo. Nilimpa alama za juu.