Fanani, Dadu na Ulimi: Usomaji wa Baldur's Gate 3 kutoka Buruburu

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki umezoea kuupokea utanzu mpya kwa swali moja: je, utanzu huu ni wa simulizi au ni wa maandishi? Swali hilo lilitosha kwa ngano na kwa riwaya. Halitoshi linapoelekezwa kwa mchezo wa video uliotokana na mchezo wa mezani, kwa kuwa mchezo wa mezani wenyewe ni simulizi inayobuniwa papo hapo, ilhali mchezo wa video ni matini iliyokwisha kuandikwa, kurekodiwa na kufungwa kabla mchezaji hajaigusa.

Makala haya yanachunguza Baldur's Gate 3, mchezo uliotolewa na kampuni ya Larian Studios ya Ubelgiji mwezi Agosti 2023, kwa kutumia istilahi za uhakiki wa fasihi simulizi. Hoja ya msingi ni kwamba mchezo huu unarudia safari ambayo ngano zilipitia zilipoingizwa vitabuni, na kwamba kinachopotea safarini si hadithi bali ulimi wa hadhira. Hoja ya pili ni kwamba ulimi huo haupotei kabisa pale mchezo unapotazamwa na watu kadhaa ambao lugha yake si lugha yao ya mazungumzo.

Ndiyo sababu usomaji huu umewekwa Buruburu. Mtaa huu wa tabaka la kati, uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, umo katika Eastlands ya Nairobi, eneo ambalo wanaisimu wengi hulitaja kuwa chimbuko la Sheng. Hapo Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi. Kiswahili na Sheng ni lugha za kituo cha matatu na za sebuleni. Kumbi za michezo ya video za mitaa ya aina hii hutoza kwa mechi au kwa muda, na kwa hiyo hutawaliwa na soka, ambayo huanza na kwisha kwa dakika chache. Mchezo unaodai makumi ya saa hauwezi kustahimili utaratibu huo. Makao yake ni nyumbani, mbele ya ndugu na majirani wanaokaa kutazama. Hali hiyo ya mapokezi ina umuhimu wa kinadharia.

2.0 Kutoka mezani hadi kwenye kioo

Dungeons & Dragons, mchezo mama, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari, lakini ulifanya badiliko moja kubwa: badala ya kuongoza jeshi, kila mchezaji alimwongoza mhusika mmoja. Mchezaji mmoja hakuwa na mhusika wake. Huyo ndiye kiongozi wa mchezo. Alieleza mandhari, akawasemea wahusika wote waliobaki, na akaamua matokeo kwa msaada wa kanuni na dadu.

Kwa istilahi zetu, kiongozi huyo ni fanani, na wachezaji ni hadhira tendi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kuwa kazi simulizi haitenganishwi na utendaji wake, pamoja na mwitikio wa wanaoisikiliza. Wanjiku Mukabi Kabira, katika kitabu chake cha mwaka wa 1983 kuhusu msanii simulizi, alimweka msimulizi mwenyewe katikati ya uhakiki badala ya kuitazama ngano kama mali isiyo na mwenyewe. Vigezo hivi viwili, yaani utendaji na msanii, vinaufaa mchezo wa mezani bila kulazimishwa.

Uhamishaji kwenda kwenye kompyuta ulianza mapema. Pool of Radiance ulitoka mwaka wa 1988, na Baldur's Gate wa kwanza, uliotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada, mwaka wa 1998. Baldur's Gate 3 unafuata toleo la tano la kanuni, lililochapishwa mwaka wa 2014, na unaionyesha dadu yenye pande 20 ikibingirika kwenye kioo. Uaminifu huo kwa kanuni ndio uliosifiwa sana. Hata hivyo, swali la mhakiki si iwapo kanuni zimehamishwa, bali iwapo fanani amehama pamoja nazo.

3.0 Fanani aliyefungwa mashineni

Mchezo una sauti ya msimulizi, iliyosomwa na Amelia Tyler, ambayo humsemesha mchezaji kwa nafsi ya pili. Mtindo huu umechukuliwa moja kwa moja kutoka mezani, ambako kiongozi humwambia mchezaji anachokiona na anachokihisi. Tofauti iko katika mkondo wa sauti. Mezani, sauti hutoka na hurudi. Mchezaji huuliza kama kuna dirisha chumbani, na fanani, ambaye hakuwa amelifikiria dirisha, hulibuni papo hapo. Katika mchezo wa video dirisha lipo au halipo. Msimulizi husema, lakini hasikii. Ni kama mtambaji anayesema "Paukwa" kisha akaendelea na ngano bila kungoja "Pakawa".

Watunzi wa mchezo walilifahamu pengo hili, na njia walizotumia kuliziba zinastahili kuchunguzwa. Kuna mpangilio wa dadu, unaokuwepo mpaka mchezaji mwenyewe auondoe, ambao huzuia mfululizo mrefu wa bahati mbaya au nzuri. Kwa mtazamo wa hisabati, dadu hiyo si dadu ya kweli. Kwa mtazamo wa utendaji, ni jaribio la kuiga huruma ya fanani, kwa kuwa viongozi wengi wa mezani huificha dadu yao nyuma ya kizuizi na huweza kuibadili nambari kimyakimya wanapoona kuwa hadhira imevunjika moyo. Mashine imeiga tendo hilo bila sababu yake. Fanani hutazama nyuso zilizo mbele yake. Mpangilio wa dadu hutazama nambari zilizotangulia.

Njia ya pili ni ya kuhifadhi mchezo na kurudi nyuma. Mchezaji asiyeyapenda matokeo anaweza kuyafuta na kuirusha dadu tena. Uwezo huu huligeuza tukio kuwa rasimu. Mwezi Novemba 2023 watunzi waliongeza hali maalumu ambamo mchezaji ana hifadhi moja tu, na kifo cha kundi lake lote huimaliza safari yake katika hali hiyo. Kuongezwa kwake ni ushahidi kwamba tatizo lilikuwepo. Mezani halikuhitaji kanuni, kwani watu wanne walioshuhudia tukio hawawezi kuombwa walisahau.

4.0 Ulimi uliogeuzwa kuwa nambari

Udhaifu mkubwa zaidi unaonekana katika onyesho moja la sehemu ya kwanza. Wakimbizi wa jamii ya tieflingi, wenye pembe na mikia, wamefukuzwa katika mji wa Elturel na wamejihifadhi katika msitu wa madruidi. Kagha, anayeongoza kwa muda wakati kiongozi halisi hayupo, anataka kuufunga msitu na kuwatoa wageni. Mtoto wa wakimbizi hao, Arabella, ameiba sanamu takatifu na amekamatwa. Nyoka wa Kagha yuko mbele yake. Mchezaji anaweza kumtetea. Maneno ya utetezi huchaguliwa katika orodha, dadu hurushwa, na nambari ikipungua, mtoto huumwa na nyoka na kufa huku wazazi wake wakiwa nje ya ukumbi.

Onyesho hili lina uzito wa kimaadili usiopatikana katika michezo mingi. Lakini linadhihirisha pia kilichopotea. Ufasaha wa mchezaji hauna nafasi. Anayejua kusema na asiyejua kusema huchagua sentensi ile ile, na kinachowatenganisha ni alama ya ushawishi iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika. Mezani dadu ilikuwepo vilevile, ila mchezaji alilazimika kufungua kinywa. Alimwomba Kagha kwa maneno yake mwenyewe, na kiongozi aliyeguswa na hoja nzuri aliweza kuipunguza nambari iliyotakiwa.

Kwa msomaji aliyelelewa katika utamaduni wa majibizano, hasara hii si ndogo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, yalikuwa silaha katika mzozo wa kisiasa kwa sababu ubora wa hoja na ubora wa lugha vilipimwa kwa pamoja na watu waliosikia. Katika malumbano hakuna mshindi ambaye hakusema. Baldur's Gate 3 una washindi ambao hawakusema, kwa kuwa wamesemewa. Espen Aarseth, katika kazi yake ya mwaka wa 1997, alieleza kuwa matini za aina hii humdai msomaji kazi ya ziada ili apite ndani yake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni lazima kuuliza ni kazi ya aina gani. Hapa ni kazi ya kuchagua. Kazi ya kutunga imebaki kwa kampuni.

5.0 Asili kama hatima

Urithi wa mezani haukuwa wa baraka tupu. Kanuni za zamani zilizipa jamii za viumbe tabia za kuzaliwa nazo: goblini ni waovu, drow ni wakatili. Mwaka wa 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo mama, ilikiri hadharani kuwa uchoraji wa baadhi ya jamii hizo ulikuwa na kasoro, na kitabu cha kanuni cha mwaka wa 2024 kiliacha istilahi iliyohusishwa na ubaguzi wa rangi na kutumia neno spishi.

Baldur's Gate 3 umesimama katikati ya mabadiliko hayo na unajipinga wenyewe. Kisa cha wakimbizi kinamfundisha mchezaji kuwa pembe si ushahidi wa uovu. Wakati huohuo, suluhisho linalopendekezwa kwa masaibu ya wakimbizi ni kuwaua viongozi watatu wa kambi ya goblini, na mara nyingi kambi nzima huangamia pamoja nao. Watoto wa goblini wamo humo, wakimrushia mawe dubu aliyefungiwa. Mchezo unawaonyesha, kisha hauwatungii hatima yenye uzito kama ule wa kisa cha Arabella.

Msomaji wa Eastlands hawezi kuupita mkinzano huu kwa wepesi. Mwezi Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, kosa lao likikisiwa kutokana na asili yao. Uchaguzi wa mwaka wa 2007 ulikuwa umekwisha kuonyesha jinsi jina la ukoo linavyogeuzwa kuwa hukumu. Hapa ndipo fanani anapokosekana tena. Mezani, mchezaji mmoja akiuliza watoto wa goblini watalelewa na nani, hadithi yote hulazimika kugeuka ili imjibu. Kwenye kioo swali hilo halina kitufe.

6.0 Mkalimani wa sebuleni

Je, mchezo wa video basi ni kaburi la fanani? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo, lakini lingekosea kwa sababu linamtazama mchezaji akiwa peke yake. Baldur's Gate 3 huruhusu hadi wachezaji wanne, na kwenye mashine nyingi kioo kimoja hugawanywa kati ya wawili. Zaidi ya hao kuna watazamaji.

Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za mchezo huu. Pale unapochezwa mbele ya mdogo wa mchezaji, binamu au jirani asiyefuatilia Kiingereza cha kifasihi kinachosomwa kwa kasi, mtu mmoja hulazimika kueleza. Maelezo hayo hayawezi kuwa tafsiri ya neno kwa neno. Mwelezaji hufupisha, huchagua, hutania na humpa Kagha sauti ya mama mwenye nyumba anayedai kodi. Watazamaji hubisha na huamuru: msaidie mtoto, usimwamini huyo. Ubunifu wa papo hapo, ambao Albert Lord aliuona mwaka wa 1960 kuwa kiini cha utungaji simulizi, unarudi kwa mlango wa nyuma, na fanani wake hajaajiriwa na Larian.

Ulinganisho na Tales of Kenzera: Zau unaifafanua hoja hii. Mchezo huo wa mwaka wa 2024, ulioongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, unaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, na visa vyake vimechotwa katika imani za Kibantu. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kijana Zau, anayemtafuta marehemu baba yake, hupita njia moja iliyokwisha kuwekwa. Zau unampa mchezaji lugha yake bila kumwomba hoja. Baldur's Gate 3 unamwomba hoja bila kumpa lugha yake. Mkalimani wa sebuleni anaziunganisha haja hizo mbili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Baldur's Gate 3 umehifadhi kanuni za mchezo wa mezani kwa uangalifu mkubwa, umeiga baadhi ya matendo ya fanani, na umeunyamazisha ulimi wa hadhira. Imeonyeshwa pia kuwa ukimya huo huvunjwa na mapokezi ya kijamii katika mitaa kama Buruburu. Ikiwa hivyo ndivyo, mtafiti anayekaa peke yake na mchezo atakuwa amechunguza nusu ya matini. Idara zinazofundisha fasihi simulizi zimewatuma wanafunzi wao vijijini kwa miongo mingi wakarekodi ngano kwa wazee. Kazi hiyo iendelee. Sambamba nayo, inafaa wanafunzi hao warekodi, kwa idhini ya wahusika, usimulizi unaofanyika mbele ya kioo katika nyumba za mjini: nani anaeleza, kwa lugha gani, anaongeza nini, na watazamaji wanamlazimisha abadili nini. Bila rekodi za aina hiyo, mjadala kuhusu kufa kwa fanani wa mjini utaendelea kutegemea dhana.